Rasimu ya Nne

Kaka yangu alikuwa na miaka thelathini na mmoja aliponiomba nimwandikie wosia. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, naye aliendesha lori la chakula kutoka Kigoma mjini kwenda kambini. Alikuwa amejenga nyumba mtaa wa Gungu, akiishi humo na mwanamke aliyekimbia vita Burundi, pamoja na binti yao wa miaka miwili. Ndoa hawakufunga. Mahari haikupelekwa.

"Andika nyumba ni ya hawa wawili," aliniambia. "Mistari mitatu tu, nitie saini."

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na mistari mitatu sikuiamini. Nikiandika "mke wangu", ukoo si utapinga? Nikiandika "mzazi mwenzangu", si nitakuwa nimekiri kwamba si mke? Na mashahidi: sheria ya mila inataka mmoja awe wa ukoo; awe nani ambaye hatakimbilia kijijini Kidahwe kumwambia baba mkubwa? Nikachana rasimu ya kwanza. Nikachana ya pili na ya tatu.

"Mwanasheria," kaka alinitania kila aliporudi safari, "mahindi yamefika kambini, yamesagwa, yameliwa. Wewe bado uko kwenye 'mimi mwenye akili timamu'?"

Rasimu ya nne ilikuwa mfukoni mwangu homa ilipomlaza hospitali. Siku ya pili alipata nafuu. Alikunywa uji, akauliza kama mtoto amekula. Binamu yetu alikuwa pale, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa macho; mashahidi ndio hao. Niliingiza mkono mfukoni, nikaigusa karatasi. Lakini kwetu, kumpelekea mgonjwa wosia ni kumchuria, ni kama kumletea sanda angali anapumua. Shangazi, aliyekaa miguuni pa kitanda, alikuwa ananitazama. Nikatoa leso badala yake, nikajifuta jasho.

Asubuhi iliyofuata akafa.

Siku ya kuondoa matanga, ukoo ulikaa kikao Kidahwe. Baba mkubwa alinisukumia daftari. "Wewe ndiye msomi. Andika muhtasari tupeleke mahakamani."

Nikasema kaka alitaka nyumba ibaki kwa mwanamke na mtoto. Nikatoa rasimu yangu. Baba mkubwa aliigeuza mbele na nyuma.

"Saini yake iko wapi?"

"Hakuwahi, baba."

"Basi huu ni mwandiko wako."

Shangazi alimgeukia mwanamke. "Na wewe, mke gani usiye hata na mjomba wa kukusimamia? Mahari yako ilipelekwa wapi?"

"Ingepelekwa kwa nani, mama?" alijibu taratibu. "Wazazi wangu walibaki kule." Kisha akanitazama mimi. "Shemeji, si ulisema karatasi iko tayari?"

Nikainamia daftari. Baba mkubwa alinisomea maneno, nami nikayaandika kwa hati nzuri, bila kufuta hata neno moja: marehemu hakuacha wosia, wala mke, wala mtoto anayetambuliwa na ukoo. Ndiyo maandishi pekee kuhusu kaka yangu niliyowahi kuyamaliza.

Wiki hiyohiyo mwanamke alirudi kambini, mtoto mgongoni, sufuria mbili ndani ya kanga. Nyumba akaingia mtoto wa baba mkubwa.

Sasa nina wosia wangu. Niliuandika kwa kikao kimoja, mistari mitatu, mashahidi wawili wakitia saini huku wakicheka.

"Kijana mzima unaandika wosia! Una nini wewe, zaidi ya godoro?"

Nina godoro, redio na kiwanja kidogo nilichonunua baadaye. Naona vijana wenzangu wanaojenga, wanaozaa, wanaosema bado mapema, nami nawaambia waandike leo, hata vibaya. Wananiona mchuro.

Kiwanja nimemwachia binti wa kaka. Nilikwenda kambini kumpa nakala, nikakuta kambi imefungwa, watu wamerudishwa kwao, na kwenye uwanja wa mgao wa chakula majani yameota. Nakala ninayo bado. Ina saini zote. Sijui pa kuipeleka.