Mkata Suti Asiyetaka Kuinama

Mume wa mdogo wangu tulimwita Mtanashati, na jina hilo lilimpendeza kuliko alilopewa na mama yake. Alikuwa mkata suti katika duka ambamo mimi nilishona vifungo, tena fundi kweli, siwezi kumnyima hilo. Ila miwani aliiona nuksi, eti inamzeesha. Akaenda kupigwa leza machoni ili aachane nayo, na siku aliyorudi aliivunja kwa kisigino kama anaua nge.

Haukupita muda, mstari mmoja wa chaki akauona miwili, na taa zikamwotea ndevu za mwanga. Badala ya kusema, akakata. Koti likatoka mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi, naye akadai mteja ndiye aliyepinda mabega. Mwenye duka, mwanamke asiye na maneno mengi, akamwambia akiharibu jingine meza ya kukatia itapata mtu mwingine.

Akarudi kliniki, wakamwambia leza imemwachia mabonde juu ya jicho, miwani haitamsaidia tena. Wakampimia lenzi maalumu, ngumu na pana, zinazokaa juu ya weupe wa jicho, ndani zimejazwa maji ya chumvi ya dawa. Kuzivaa lazima uiname mpaka uso uelekee meza, ndipo uilete lenzi kutoka chini, imejaa pomoni.

Yeye ainame? Alisimama wima mbele ya kioo, kidevu juu, kama anapigwa picha. Maji yakamwagikia tai, kiputo cha hewa kikabaki ndani, akaona ukungu. Akawatukana waliomtengenezea.

"Inama, baba watoto," mdogo wangu akamwambia taratibu.

"Mimi siinamii kidude cha plastiki."

Nikamwuliza, "Shemeji, na mwenye duka utamwinamia lini?"

Akanuna. Kesho yake kitambaa cha suti ya bwana harusi kilikuwa mezani, na mwenye duka amesimama kando na mkasi, anangoja kuona amkabidhi nani. Mtanashati akajipenyeza stoo na lenzi zake, mlango hakuufunga vizuri. Nikamwona, paji la uso karibu liguse meza, matako juu. Akatoka, akachukua mkasi, akakata sawasawa.

Meza ikabaki yake. Jioni alimsimulia mkewe jinsi alivyowafundisha watu wa kliniki namna ya kuvaa lenzi. Mdogo wangu akampa hongera. Mimi nikachukua mkoba nikaenda zangu, maana cheko lilikuwa limenifika kooni.