Mkono wa Mama Maabara

Kila mwaka, yalipofika masomo ya mzunguko wa damu, mwalimu wa biolojia hakufungua kabati kutafuta kifaa. Alimwita Mama Maabara.

Huyu ndiye mtunzaji wa maabara ya shule, mwaka wa kumi na tisa sasa. Huosha mirija ya kioo, hupanga hadubini, humpangusa vumbi yule mtu wa mifupa aliyetundikwa pembeni. Ni mwembamba, na mishipa imemtuna mikononi kama mizizi iliyokatiza njia. Wanafunzi wana mikono laini, mishipa yao imejificha. Mkono wake unasomeka hata kutoka dawati la nyuma.

Taabu yake ilikuwa miguu. Maabara ina stuli arobaini, zote za wanafunzi. Tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho yeye yu wima mbele ya sinki, na ikifika adhuhuri viatu vinambana kama koleo. Mwaka huu ikapatikana nafasi maktaba, kazi ya kukaa. Akaandika barua ya kuhama. Mkuu wa shule akaridhia, akasema imebaki sahihi ya mwalimu wa biolojia tu. Barua ikalala mezani kwa mwalimu wiki tatu. Nafasi ilikuwa ifungwe leo, Ijumaa, saa kumi.

"Mwalimu, ile barua yangu?"

"Tutaiona, mama. Kwanza nikopeshe mkono."

"Mkono umekopwa miaka kumi na tisa, haujarudi."

Mwalimu akacheka. Mama Maabara hakucheka. Kucheka nako kunataka nguvu.

Kidato cha tatu wakaingia, shikamoo zikamiminika. Akaitikia marahaba moja kwa wote arobaini. Mwalimu akamfunga mpira juu ya kiwiko, mishipa ikajaa. Akabana mmoja kwa kidole karibu na kifundo cha mkono, na kwa kidole cha pili akaisukuma damu kwenda juu, hadi akapita kijivimbe kidogo. Akakiinua kidole cha juu. Kutoka kidole cha chini hadi kijivimbe, mshipa ukabaki bapa, mtupu.

"Kile kijivimbe ni vali," alisema mwalimu. "Ni mlango. Damu inayorudi moyoni hupita, lakini ikitaka kushuka mlango unafungwa."

Akaachia kidole cha chini. Mshipa ukajaa mara moja kutokea chini.

"Bibi," aliuliza msichana wa dawati la mbele, "na miguuni zipo?"

"Zipo, mjukuu wangu. Huko ndiko kwenye kazi."

Msichana akainuka kumpisha. Mama Maabara akavuta ile stuli, akaketi. Hakuwahi kuketi mbele ya darasa. Akashusha soksi nzito. Chini yake mishipa ilikuwa imejikunja kama kamba iliyotupwa, ya rangi ya zambarau.

"Wahenga wanasema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Damu ya miguuni kinyume chake: kupanda ndiyo ngoma. Ukitembea, msuli wa shavu la mguu unakamua mishipa, damu inapanda. Ukisimama tuli, haukamui. Damu inalala chini. Daktari ameniambia vali zangu zimelegea, hazifungi tena."

"Sasa kwa nini usikae, bibi?"

"Nimeomba. Barua iko kwa mwalimu wenu."

Ubaoni, nyuma ya mwalimu, kulikuwa na mguu aliouchora mwenyewe asubuhi, na mshale mwekundu ukielekeza kwenye shavu lake. Mwalimu akageuka, akautazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kengele ilipolia, mwalimu alibaki naye. Akaitoa barua chini ya rundo la madaftari, akatia sahihi.

"Nilidhani unanikimbia, mama."

"Kwa miguu hii?"

"Kuichora naichora kila mwaka," alisema mwalimu. "Sikufikiri." Akamkabidhi karatasi. "Na mwakani, mkono nitautoa wapi?"

"Maktaba si ng'ambo. Waleteni. Mtanikuta nimekaa."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Ofisi ya mkuu iko ng'ambo ya uwanja, na hapakuwa na wa kumtuma. Akapandisha soksi, akashika njia pole pole, barua mkononi, kila hatua shavu la mguu likikamua kidogo, na damu ikipanda kadiri ilivyoweza.