Daktari wa Polisi Alizaliwa Kilabuni kwa Bibi

Wiki iliyopita mhariri alinipigia simu. Riwaya yangu ameipenda, hasa yule daktari wa polisi, mwanamke anayenusa vikombe kabla hajagusa maiti. "Huyu umemtoa wapi, dada?" Nilikuwa kibarazani kwangu hapa Soweto, Mbeya, kikombe cha chai mkononi, nikacheka mpaka jirani akachungulia. Mhariri nilimpa jibu la kikubwa, kwamba nilifanya utafiti. Wewe sikufichi. Daktari wangu alizaliwa kilabuni kwa bibi yangu, Iringa, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, mimi nikiwa na miaka kumi na moja na kiherehere cha watu watatu.

Kwetu ni Usangu, lakini bibi mzaa mama alikuwa Mhehe wa vilimani upande wa Tosamaganga, na likizo ya masika nilipelekwa kwake. Jamani, likizo zile! Baridi ya asubuhi, moshi wa kuni, mahindi mabichi yakipasuka kwenye makaa. Kabla ya chai tulikuwa tumeshafika kwenye mianzi. Bibi anakata ncha ya chipukizi, utomvu unadondoka ndani ya mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachofungwa kuukinga. Kazi yangu ilikuwa kupokea mbeta zilizojaa na kupigana na nyuki. Ulanzi mtamu wa siku ile niliruhusiwa kuonja. Uliokomaa nilinusa tu, au ndivyo nilivyomwambia Bibi.

Mwaka ule nilikuja na kitabu. Baba alininunulia njiani, pale Igawa, kwa wauza vitu wa kandokando ya barabara, kikiwa hakina jalada, hivyo mpaka leo sijui kinaitwaje. Ilikuwa riwaya ya daktari wa polisi. Kila alipoitwa kwenye kifo aliuliza maswali yaleyale: amekula nini, amekunywa nini, kwa chombo gani. Wateja wa Bibi walinikuta nasoma kwa sauti, wakataka na wao wasikie. Basi ikawa desturi. Saa tisa alasiri mimi nakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nasoma kwa Kiswahili, na Bibi anawageuzia kwa Kihehe huku akimimina.

Bibi alikuwa mtafsiri wa ajabu. Daktari wa polisi alimfanya mganga wa polisi, wazee wakaamini serikali ina mganga wake na mkoba wa huyo mganga umejaa tunguli. Sumu nayo aliiita dawa. Mama wa kilabu, kwenye riwaya, akawa ametia dawa katika pombe ya mgeni, na watu wakashika vichwa. Nilipojaribu kumsahihisha alinikata. "Wewe soma. Kihehe niachie mwenyewe."

Msikilizaji wa kwanza kufika alikuwa fundi baiskeli, jirani yetu, mtu wa utani mwingi. Aliapa kwamba muuaji ni yule mama wa kilabu tu, na kila akipokea kikombe alimchokoza Bibi, "Mama, leo umenitilia dawa kiasi gani?"

"Wewe? Vijiko viwili," Bibi alijibu, na kilabu kizima kikacheka.

Siku moja mvua ilitishia, fundi akaondoka mapema na ulanzi wake ndani ya kidumu alichokuja nacho. Asubuhi yake tukasikia mayowe. Mke wa fundi alikuwa anakuja mbio, kitambaa kimemvuka kichwani. Mumewe alizimua na ule ulanzi wa kwenye kidumu, sasa anatokwa na jasho na mapovu, anatapika, wamemkimbiza zahanati. "Mama, umemuua mume wangu! Mwenyewe ulisema vijiko viwili!"

Watu wakajaa uwanjani, walewale waliocheka jana. Mmoja akasema, "Kitabu ndicho kimemfundisha," na wengine wakaitikia. Mwenyekiti wa kitongoji akanipokonya kitabu, akakibana kwapani kama kielelezo, akaamuru Bibi asitoke mpaka polisi wafike. Bibi alikaa chini palepale. "Dawa gani jamani? Mimi nimtilie mwenzangu dawa?" Kila alipolitaja lile neno watu waliguna. Niliogopa sana. Fundi akifa, bibi yangu ni muuaji, na maneno ya kumfunga nilikuwa nimeyasoma mimi kwa mdomo wangu.

Ndipo swali la tatu la yule daktari likanijia. Kwa chombo gani? Jana kilabu kizima kilikunywa kutoka mtungi mmoja. Aliyetia wake kwenye kidumu alikuwa mtu mmoja tu! Nilichomoka pale kwa mbio ambazo sijawahi kuzikimbia tena. "Mshikeni, anakwenda kuficha ushahidi!" alipiga kelele mke wa fundi, akanifuata. Kidumu nilikikuta mlangoni kwao. Nikafungua kifuniko, nikanusa, na harufu nikaitambua hapohapo, maana ndiyo ile ya shamba la nyanya siku ya kupulizia.

"Mama, hiki kidumu kilikuwa na nini?"

"Dawa," alisema, akihema.

"Dawa ya nini?"

Akakitazama kidumu mkononi mwangu. Sauti ikamtoka kidogo. "Ya nyanya." Jana mumewe naye alimuuliza kidumu kilikuwa na nini, naye akamjibu neno lile moja, dawa, akaendelea kupepeta mahindi. Na fundi, ambaye kwa miezi alikuwa akinywa dawa ya mizizi kwa ajili ya mguu wake kutoka vidumu vya namna hiyo, alidhani ni ileile, akakisuuza juujuu akaja zake kilabuni.

Tulikimbia pamoja, yeye peku. Zahanati tulimkuta mganga amezungukwa na ndugu, wote wanamwambia kitu kimoja, kapewa dawa, kapewa dawa, na hakuna anayeweza kusema ni ipi. Nilimsukumia kidumu. "Ya nyanya!" nilipayuka, hata shikamoo nikaisahau. Alinusa mara moja tu. Akamwita nesi, wakamvua fundi nguo, wakamwosha, sindano ikafuatiwa na sindano. Alasiri alifungua macho, akaomba maji. Nilishangilia mpaka nesi akanitoa nje kwa sikio, na huko nje nikaendelea.

Mke wa fundi alimpigia Bibi magoti mbele ya watu wote. Mwenyekiti alirudisha kitabu, ila kurasa za mwisho alikuwa ameshazisokotea tumbaku. Kwa hiyo muuaji wa kwenye riwaya sikumjua kamwe, na nadhani ndiyo sababu nikaja kuandika ya kwangu.

Mwezi uliopita nilikwenda kule. Mianzi imeng'olewa, pale kilabuni pana nyumba ya bati, Bibi na fundi wote wamelala makaburini. Nilisimama nikitafuta hata harufu tu ya ulanzi, sikuipata. Kilabu kile kilijaa kuliko mwanzo baada ya kisa chetu, na hakuna aliyemshuku Bibi tena. Lakini unajua ile desturi ya mwenye pombe kunywa funda la kwanza mbele ya mgeni, kumwonyesha kwamba haina kitu. Bibi alikuwa haifuati, akisema anayemshuku asije kwake. Tangu siku ile hakumpa mtu kikombe bila kuonja yeye kwanza. Walimsihi aache. Fundi mwenyewe alimsihi huku analia. Hakuacha. Likizo yangu ya mwisho kwake nilimwomba maji ya kunywa, mimi mjukuu wake. Akachota, akanywa funda moja, akangoja nimwone amemeza, ndipo akanipa.