Siku Nilipomsomea Mtahini Maulidi

Chekeni sasa, mcheke mmalize kabisa, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule msichana wa Nosy Be, kisiwa cha Madagaska, aliyeingia kwenye mtihani wa Kiarabu kule Mahajanga akatoka amelowa marashi, na wako watu wazima na akili zao hadi leo wakiniona wanajifanya kukohoa ili wasinichekee usoni. Aibu niliipata, sikatai. Lakini kujuta? Hilo msilitafute kwangu.

Ninyi wa Unguja mnadhani kila Mwislamu wa pwani anazungumza kama ninyi. Sisi nyumbani tulisema Kingazija cha babu zetu, sokoni Kimalagasi, shuleni Kifaransa, na Kiswahili hiki mnachonisikia nacho nimekipata ukubwani kwa mume wangu, naye bado ananisahihisha (na mimi bado simsikilizi). Kiarabu je? Ah, Kiarabu tulikuwa nacho bwana! Kwenye chuo cha Kurani mimi ndiye niliyetolewa mbele wageni wakija, na kwenye maulidi ya wanawake hakuna aliyethubutu kushika kitabu kama nipo, maana sauti ilikuwa sauti kwelikweli, si hii ya sasa ya kuitia wajukuu. Basi miaka michache baada ya nchi kupata uhuru wake, lilipotangazwa msikitini kwamba chuo kikuu kimoja cha Misri kinatoa nafasi kwa vijana wetu, moja ya ufamasia, na sharti ni mwombaji akijue Kiarabu, baba alicheka kwa furaha. "Kiarabu? Zaina anakisoma tangu hajang'oka meno ya utoto!" Na hakusema uongo. Alisema alivyojua, nami nilijua hivyo hivyo, na mji mzima ulijua hivyo hivyo.

Ufamasia niliutaka kufa na kupona. Kulikuwa na mtu wa dawa mtaani kwetu, huyo ukienda na jino anakupa kidonge, ukienda na mimba anakupa kidonge kile kile, na mama yangu alipopata homa akapewa kwinini juu ya kwinini mpaka masikio yakaanza kuvuma, moja likafa kabisa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kutuambia ilikuwaje. Nilikasirika. Nilitaka kujua ndani ya kile kidonge mna nini na kingapi kinatosha, ili siku nyingine mtu asimharibie mama wa mtu. Nafasi za Ufaransa nilikuwa nimeshaomba nikanyimwa. Ilibaki hii ya Misri tu.

Mtahini alikuwa anapita Mahajanga, kwa hiyo nikapanda meli (nikatapika njia nzima, hilo nitalirudia) nikafikia kwa mama mdogo Echati, mdogo wake mama. Asubuhi ya mtihani nikiwa navaa viatu nikaona haya kwenda peke yangu kukaa mbele ya mwanamume nisiyemjua, nikamwambia neno moja tu: "Mama mdogo, nisindikize." Neno moja hilo! Nilimaanisha yeye, na miguu yake miwili, na mtandio wake. Lakini kwetu kusindikiza mtu anayekwenda masomoni si kazi ya mtu mmoja, mtu hatolewi kimya kimya kama anayefukuzwa, na mama mdogo alikuwa kwenye chama cha wanawake ambacho hakijapata kukosa shughuli tangu kianzishwe. Akanambia, "Ngoja kidogo nipite kwa Koko." Koko kwetu ni bibi, na huyu Koko Mariamo ndiye aliyekuwa mkubwa wa chama.

Nilipofika kwenye nyumba ya mtihani (ilikuwa nyumba ya tajiri mmoja, sebule ya chini, dirisha linaangalia barabarani) nyuma yangu palikuwa na chama kizima, wamevaa sare, nyuso zimepakwa msindano, ninyi mnaita liwa, matari yamefunikwa kwa khanga, na Koko mbele na mrashi wake na chetezo. Nikamnong'oneza mama mdogo, "Haya yote ya nini?" Akasema, "Ukishafaulu tutakuombea dua hapo hapo. Kwani tutarudi tena nyumbani kuyachukua?" Nikaona ana maana. Hivyo ndivyo nilivyokuwa na akili siku ile.

Mtahini alikuwa bwana mwembamba, miwani, suti nzito ya kumpikia mtu kwenye lile joto la Mahajanga, na pembeni karani kijana wa kumtafsiria Kifaransa. Wanawake wakabaki dirishani na mlangoni. Yule bwana akatabasamu, akaniuliza kitu. Kwa Kiarabu. Jamani, nilimsikia kama mtu anayeongea huku anatafuna mkate! Nikasubiri atamke neno ninalolijua, halikuja. Akarudia polepole. Nikatabasamu. Akauliza lingine, nikatabasamu tena, mpaka shavu likaanza kuuma. Ndipo karani akaniambia kwa Kifaransa, kwa huruma, "Bwana anasema, basi zungumza juu ya jambo lolote ulipendalo, ilimradi kwa Kiarabu."

Lolote nilipendalo! Moyo ukarudi mahali pake. Nikakaa vizuri, nikasafisha koo, nikaanza maulidi.

Mwanzoni yule bwana aliinua nyusi, akaitika kwa adabu, maana sauti ilikuwa inapanda vizuri na ile sebule ilikuwa na mwangwi mtamu. Nikasema moyoni, huyo, nimemshika. Kule dirishani wakaanza kumsalia Mtume kwa pamoja. Wavuta posiposi, vile vigari vya abiria vya kukokotwa na mtu, wakaegesha, wapita njia wakaingia, maana anayesikia maulidi mlangoni pa watu haulizi kama amealikwa. Matari yakafunuliwa. Mtahini akainua mkono kunizuia, nami nikadhani ananipa heko, nikaongeza. Alipoinua mikono yote miwili Koko Mariamo akaingia ndani, akamtazama kama anavyotazamwa mtoto anayecheza msikitini, akamwambia kwa Kingazija, "Maulidi hayakatwi, mwanangu. Kaa." Karani hakutafsiri. Hapakuwa na haja, yule bwana alikaa.

Nami sasa ningeishia wapi? Maulidi yana njia yake, ukianza sharti ufike pale panapotajwa kuzaliwa kwake Mtume, na pale kila aliyekaa husimama. Nikafika. Nyumba nzima ikasimama. Karani akasimama. Mtahini akatazama kulia, akatazama kushoto, naye akasimama! Udi ukafukizwa mpaka tukawa hatuonani, na Koko akapita na mrashi akiwanyunyizia watu mmoja mmoja, mimi kichwani, karani viganjani, na mtahini, kwa kuwa ndiye mgeni mkubwa, akapewa heshima ya mgeni mkubwa: miwani, suti, na makaratasi yake yote mezani. Tukamaliza, tukaomba dua, ikaitikiwa amini ya kutikisa vioo. Mama mdogo akapitisha mkate wa sinia. Na mtahini, nasema haki ya Mungu, alikula vipande viwili.

Halafu akaivua miwani, akaipangusa, akasema kitu taratibu. Karani akatafsiri. "Bwana anasema umesoma vizuri kuliko wengi aliowasikia. Sasa anakuomba umweleze maana yake."

Nilimtazama mama mdogo, akatazama sinia. Nilimtazama Koko, naye ananitazama mimi, ananisubiri mimi, maana ndiye niliyesoma! Wote wale waliojaa sebuleni walikuwa wananisubiri. Uso ulikuwa unaniwaka, nilitaka sakafu ipasuke niingie. Mtahini akasema kwa upole, na ule upole ndio ulioniudhi, kwamba nina sauti lakini Kiarabu sina, na chuo kikuu hakifundishi kwa maulidi.

Hapo hasira ikaniokoa. Nikasimama, nikasema kwa Kifaransa, nikamwambia karani asipunguze hata neno. "Mwambie Kifaransa nilianza sijui hata kusema maji, na leo nina cheti chao cha bakalorea. Muulize, kuna mtu mwingine mwenye alama zangu za kemia? Kama hayupo, kile kiti cha ufamasia kibaki wazi. Anipe mwaka mmoja." Mtahini akasema hawezi kuahidi kitu. "Sikuomba ahadi," nikasema, "nimempa habari." Nikatoka, chozi linanitoka, kichwa juu, nanukia kama bibi harusi.

Njiani niliwasubiri wanawake wanitukane. Hakuna aliyetukana. Tulipokaribia kwake Koko akasema, "Zaina, mimi nimeyasoma haya tangu sijaolewa. Na mimi sijui." Akanishika mkono. "Ukishajua, njoo utuambie."

Mnasikia? Basi ningerudi Nosy Be kulala? Nikabaki kwa mama mdogo, na kila siku nikienda kwa mke wa Myemeni muuza kahawa, mama aliyekuwa akisema Kiarabu toka asubuhi mpaka usiku na hana subira hata kidogo. Siku ya kwanza nilikwama mlangoni: niliweza kumsomea aya zote za moto wa Jahanamu na tabaka zake, lakini sikuweza kumwomba chumvi! Akacheka mpaka akakaa chini. Nikarudi kesho yake. Akanicheka tena, nikarudi tena. Na kila Alhamisi jioni nikawa napeleka kwa Koko vijimaana viwili vitatu, wanakaa wananisikiliza, wengine wanalia.

Kwa hiyo msiniulize funzo, naona mnataka kuniuliza. Nimekula kiapo kwamba sitafungua mdomo kusema kitu nisichokijua maana yake, hata mbele ya paka. Hicho nimekitimiza. Lakini kuapa kwamba sitasindikizwa tena, hapo mtanisamehe.

Mwaka uliofuata mtahini alikuja yule yule, na kiti cha ufamasia kilikuwa hakijapata mtu. Alinitambua kabla sijakaa. Akaniuliza lile swali lake la kwanza, ambalo kumbe lilikuwa safari yako ya baharini ilikuwaje, nikamwambia kwa Kiarabu nilivyotapika mwaka uliopita tangu Nosy Be hadi Mahajanga. Akauliza kwa nini dawa, nikamweleza sikio la mama, lote. Halafu akainama kidogo, akatazama dirishani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Leo umekuja peke yako?"

"Hapana," nikamjibu. "Wako njiani."

Akavuta kalamu upesi, akaandika jina langu kabla hawajafika.