Biskuti za Haki za Binadamu

Niliyataka mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Berea, mtaa wa wahamiaji, na watoto wangu wengi ni wa Wakongo wenzangu. Siku moja kabla ya sikukuu ya Haki za Binadamu nikaalika wazazi waje kuona ninavyofundisha usawa. Pasta wetu naye akaja, akakaa mbele.

Mpango ulikuwa rahisi. Ningewapa biskuti wenye viatu vyeusi peke yao, wengine wangelalamika, nami ningeeleza ubaguzi ni nini. Nikagawa. Hakuna aliyelalamika. Waliokosa walinitazama kwa utulivu, kama wazazi wao kwenye foleni ya makaratasi ya ukimbizi.

"Hamuoni kama iko kitu kibaya?" nikauliza. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, wazazi wasikie.

Neema, wa miaka minne, akanihurumia. "Ticha, tumezoea. Kila siku unaanzaka na Josué, unamupatia mbili, juu ni mtoto wa pasta."

Wazazi wote wakamgeukia pasta. Pasta akamgeukia mwanawe. "Mbili?"

"Tatu, papa," Josué akasema, mdomo umejaa.