Hori Lililonuka Sabuni

Ni mimi niliyeua pombe ya mama. Nimelikana jambo hili tangu nikiwa darasa la tatu, kwanza kwa machozi, baadaye kwa ukimya, ambao watu huudhania busara ukishakuwa na shahada.

Utoto wangu Kasulu ulinukia ndizi zilizoivishwa shimoni na mtama uliokaangwa. Kiangazi kile dada yangu Agnes alikuwa anachumbiwa, na mama alitengeneza pombe ya kuwapokea wakwe. Alikamua ndizi kwa nyasi ndani ya hori la mti, akisaidiana na Evelina, jirani ambaye wazazi wake walitoka Burundi, mwanamke aliyecheka mpaka mabega yakatikisika. Maji ya ndizi yaliachwa humo humo, yakanyunyiziwa unga wa mtama, yakafunikwa majani ya mgomba. Kwa kawaida, kufikia kesho yake hori lilikuwa likinguruma kama tumbo lenye njaa. Halikuoshwa kwa sabuni hata siku moja, lilisuuzwa tu.

Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa usafi shuleni. Siku chache kabla ya ukamuaji ule, mama akiwa sokoni, nilichukua sabuni ya unga na maji ya moto, nikalisugua hori mpaka mti ukabadilika rangi. Nilingoja sifa.

Pombe ya kwanza ililala kimya, bila povu. Mama akabadilisha mtama. Ya pili ikawa siki. Akachagua ndizi nyingine, akalisogeza hori karibu na jiko akidhani ni baridi. Ya tatu nayo ikalala. Wakwe walikuja wakanywa chai, na walipoondoka shangazi akasema kuna mikono inayoua pombe. Wote wakamtazama Evelina. Mama akaniita, akaniuliza kama nililigusa hori.

“Sikuligusa,” nikasema.

Evelina alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akakaza khanga yake.

“Nimekamua na wewe miaka yote hii, Mama Agnes. Leo ndiyo mikono yangu imeoza?”

Mama akaanza kukusanya vikombe vya chai. Kabla ya mvua, Evelina na watoto wake walihamia Murungu.

Chuo kikuu nilijifunza kwamba chachu ilikuwa ikiishi katika nyufa za hori lile. Jambo hilo nililieleza vizuri kwenye mtihani, nikapongezwa. Evelina sikumweleza. Siku hizi nyumbani bia hununuliwa dukani, haitegemei mkono wa mtu, na hori hutumika kunyweshea mbuzi.

Mwezi uliopita Agnes alinitumia ujumbe: Evelina amefariki. Nikampigia mama, nikamwambia yote.

“Nilikuuliza kwa sababu nilikuwa nimelinusa hori,” akasema. “Evelina naye alilinusa. Alikuwa anasubiri mmoja wetu aseme.”