Mpira Ulioota Moto

Mkuu wa chuo alitutangazia mstarini, jembe mkononi: wale wasichana wa chuo cha upande wa ziwani wakitufunga tena, uwanja wa mpira wa kikapu unalimwa karanga. Siasa ni kilimo, akasema, na sisi tunakalia ardhi nzuri kwa kurukaruka tu. Tukaitikia "Ndiyo, Mzee," lakini kwa mdomo tu. Uwanja ule tuliushindilia wenyewe kwa udongo wa kichuguu, maji tukibeba kichwani. Leo ulimwe karanga? Thubutu!

Mpira tulikuwa nao mmoja, wa ngozi, mzee. Vile vipele vyake vya kushikia vidole vilikuwa vimesagika hadi ukaota upara, na kibofu chake kilivuja. Hata tukiujaza kwa pampu ya baiskeli, haukukawia kulegea. Ukiudunda chini, unainuka mpaka gotini, basi, umechoka. Kwa hiyo tukaacha kuudunda. Tukawa tunarushiana tu, pa, pa, pa, hakuna anayekaa nao. Na viganja tunapaka vumbi kwanza, maana bila vumbi unakuponyoka kama sabuni. Watu wa mtaa wa Ng'ambo waliokuja kututazama walitucheka: "Hiyo ni netiboli au ni nini?" Tuliwaacha wacheke.

Kule ziwani tulicheza kwa mpira wao mpya, mgumu, wenye vipele vinavyokwaruza. Ulitudundia usoni, tukafungwa vibaya. Lakini safari hii walikuwa wanakuja Tabora, na desturi yetu ilikuwa mwenyeji ndiye anayetoa mpira. Nikajisemea, waje waonje wetu.

Siku yenyewe, mchana, nikamkuta nahodha wetu jikoni. Amechuchumaa mbele ya moto, anaugeuzageuza mpira kama mtu anayechoma muhogo. Nahodha alikuwa Mnyamwezi wa Ipuli, mjukuu wa mpiga ngoma, na kwao ngoma haipigwi mpaka ngozi iote moto ikaze.

"Dada, unafanya nini?"

"Wageni tutawapaje kitu kilicholegea hivi? Mgeni unampa kiporo? Hebu bonyeza."

Nikabonyeza. Jiwe! Joto lilikuwa limeivimbisha hewa ndani, mpira umejaa mpaka mshono unalia.

"Umetuua!" nikamfokea. "Sasa huu ni mpira wao, si wetu!"

Nilikuwa na mengine ya kumwambia, tena makali, lakini wageni walikwisha shuka kwenye lori na tukaitwa uwanjani.

Kipindi cha kwanza kilikuwa msiba. Mpira ulidunda mpaka kifuani, na wageni walijua kuudunda, wallahi walijua. Mdunda mpira wao, msichana mfupi mwenye mbio, alitupita kama tumepandwa. "Mpira wenu mzuri!" akaniambia, na nikamchukia. Sisi kila tukirushiana unaturuka mikononi. Pembeni mkuu wa chuo alikuwa amekaa, na majembe yameegemezwa ukutani tayari. Nilitamani kulia.

Karibu na mapumziko mpira ukanitua kiganjani, nikashtuka. Ulikuwa umepoa. Filimbi ilipolia nikaukandamiza kwa dole gumba, na dole likazama. Nikamkimbilia nahodha.

"Ngoma imepoa!"

Akabonyeza, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akachota vumbi, akajipaka mpaka kwenye viwiko.

Tuliporudi, yule mfupi akachomoka kama kawaida yake, akaupiga mpira chini, mkono ukarudi kuufuata. Mpira haukurudi. Alipiga hewa! Nikauokota miguuni pake. Pa, pa, pa, kikapuni. Wenzake wakajaribu kurushiana kama sisi, lakini viganja vyao vilikuwa na jasho na ule upara ukawaponyoka. Wakamlalamikia mwamuzi, ambaye alikuwa mwalimu wao wenyewe. Akaubonyeza mpira, akawatazama. "Si ndio huu mliokuwa mnausifia?" akawauliza, akaurudisha uwanjani.

Watu wa Ng'ambo wakasimama. "Rusha! Rusha!" Walewale waliotucheka! Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, mwamuzi anatazama saa, nikamwona nahodha peke yake chini ya kikapu. Nikamrushia kwa nguvu zangu zote. Vumbi likashika, hakuponyokwa. Ukaingia. Filimbi ikalia, nami nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka kwa siku nzima.

Mkuu wa chuo akaja polepole. Tukamwamkia, "Shikamoo, Mzee," tukicheka. "Marahaba," akasema. "Hongereni. Lakini mvua ziko karibu, na karanga lazima zipandwe mahali."

Nahodha, kwa adabu zote, akamwonyesha bustani ya mawaridi ya Mzee mwenyewe, mbele ya nyumba yake.

Mzee akaangua kicheko. Akachukua jembe la kwanza mwenyewe. Mawaridi tuliyang'oa jioni ileile tukiimba, na mwaka ule karanga zilizaa, mashallah. Tulizikaanga, tukazitafuna tumekaa katikati ya uwanja wetu.